Ngozi Isiyo na Alama ya Moto

Harufu ilinifikia kabla sijaona kitu chenyewe. Tulikuwa tunatoa vitu vya baba mdogo Masanja nyumbani kwake, matanga yamekwisha, watu wamenyolewa, imebaki kazi ile isiyo na mwimbaji, ya kuamua hiki achukue nani na hiki kitupwe. Shija, mwanawe mkubwa, alikuwa amesimama juu ya kigoda anapapasa darini na kushusha kimoja kimoja: mkuki uliolegea mpini, kibuyu cha samli, ungo uliotobolewa na panya. Mwisho akavuta kitu kikubwa kilichokunjwa, cheusi kwa moshi wa miaka, kikaanguka sakafuni kwa kishindo kama ubao. Masizi yakaruka. Na chini ya harufu ya masizi ikatoka ile nyingine, ya ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa juani kwa majivu, harufu ya utoto wangu.

"Dada, na hii je?" Shija akauliza. "Mzee hakuilalia, hakuiuza. Wanunuzi wa ngozi walimbembeleza hapa mpaka wakamchoka. Ni ya nani?"

Nilisema nina kiu, nikatoka nje.

Mimi si mtu wa kuandika mambo ya zamani. Nilisoma kidogo tu, mpaka darasa la nne, na nilizoea kuandika ya siku ile ile: mvua imenyesha, fulani anaumwa, fulani amepita. Ya zamani hubadilika ukiyashikashika. Kwa hiyo nitaandika niliyoyaona, na nisiyoyaona nitasema sikuyaona, maana wengi wa watu hawa hawapo tena wa kujitetea.

Baba yangu alirudi kutoka mgodini Geita na kifua. Ndivyo watu walivyosema, "amerudi na kifua," nami nikadhani kifua ni kitu alichonunua huko, kama blanketi na taa aliyomletea mama. Alikohoa msimu mzima wa kiangazi. Siku alipofariki, sisi watoto tulipelekwa nyumba ya jirani kubangua karanga, na hakuna aliyetuambia kwa nini karanga zina haraka hivyo. Tulipoitwa, nilichokiona ni furushi. Ngozi ya fahali mweusi, mbichi bado, imekunjwa na kufungwa kwa kamba, na wanaume wamelibeba kupita uwazi wa ua wa minyaa kuingia zizini, kwa sababu baba alikuwa mwenye mji, mkuu wa kaya, na mwenye mji huzikwa zizini mwake. Sikuona uso. Sikuona mkono wala mguu. Niliambiwa yule ni baba, nikalia kwa kuwa wote walikuwa wanalia.

Baada ya hapo yakaja mambo ya ng'ombe.

Asiyekulia kwetu lazima nimweleze. Mtu mwenye ng'ombe hakuwaweka wote kwake. Aliwagawa kwa marafiki, huyu mmoja, yule wawili, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimmalize, na pia, tuseme kweli, ili jirani asijue ana ng'ombe wangapi. Aliyewekewa alikunywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe hakuwa wake. Ng'ombe akifa, ilimpasa alete ngozi kwa mwenyewe, ili aitazame na kuitambua. Bila ngozi, ng'ombe hajafa. Umemla au umemuuza. Basi mwenye mji alipofariki, marafiki hao walikuja matangani mmoja mmoja kutaja walichonacho, na wazee wakawatazama usoni kuona nani anameza mate.

Aliyeketi katikati alikuwa Babu Luhende, ndugu wa babu yangu, mzee mrefu ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando kama maziwa yaliyopoa. Alimtambua mtu kwa sauti na kwa kikohozi. Nilimwogopa sana, lakini sina haki ya kusema alikuwa mbaya. Alitaka ng'ombe wa marehemu wakusanywe wote wabaki katika ukoo, kwa ajili ya mahari ya vijana na kwa ajili yetu sisi watoto pia. Hivyo ndivyo alivyokuta na hivyo ndivyo alivyotaka kuacha.

Kwanza alimwita mama. Mama alikuja na mdogo wangu mgongoni, akapiga magoti.

"Mayo," Babu Luhende akasema, yaani mama, "mji haukai bila mwanaume. Masanja huyu hapa."

Baba mdogo Masanja alikuwa amekaa anachonga mpini wa jembe. Hakuinua kichwa.

"Masanja ni shemeji yangu," mama akasema, "na nitaendelea kumwita shemeji."

Kisha mmoja wa waliokuwa kwenye mtungi wa pombe akasema, "Masanja, pole. Umekataliwa hata hujaposa." Watu wakacheka. Matangani watu hucheka pia, msishangae.

Babu Luhende hakucheka. "Basi utakwenda kwenu na jembe lako na vyungu vyako. Watoto watarudi wakikua. Lakini ng'ombe hatoki hapa hata mmoja."

Mama akaitikia kwa heshima, akaondoka. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua maana yake. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka wakati wa kumwuguza baba, na mdogo wangu aliishi kwa maziwa ya ng'ombe, na hata hivyo mbavu zake zilionekana. Kwao mama, kule Uzinza, walilima mihogo, hawakuwa na hata mbuzi. Kwenda kule bila ng'ombe ilikuwa kumchukua mtoto yule na kumweka njiani. Kubaki ilikuwa kuingia nyumba ya baba mdogo. Sikujua kwa nini mama hakutaka. Hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kupata ujasiri wa kumwuliza.

Siku ile ile nilimwona Ngassa nyuma ya ghala la mtama. Ngassa alikuwa rafiki wa baba wa mgodini, mtu mfupi mwenye baiskeli, anakaa mbele ya Kharumwa, njia ya Geita. Alikuwa amekuja kuzika. Alisimama na mama, wanazungumza kwa sauti ya chini, na mama akampa kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa. Nilikuja kujua ni tumbaku ya baba. Ngassa akaisukuma mfukoni, akatazama huku na huku, akaniona. Hakutabasamu. Kuanzia hapo nikaanza kumchunguza kila mtu.

Ngassa ndiye aliyekuwa na Nyange.

Nyange alikuwa ng'ombe wangu, ingawa mtoto wa kike hana ng'ombe. Alikuwa mweupe mwili mzima kama ndege wale wanaofuata ng'ombe malishoni, ndiyo maana nikamwita hivyo. Baba hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyemchunga, na alinizoea mpaka akawa analamba chumvi ya jasho mkononi mwangu. Kabla ya ukame aliugua, akasimama ameinamisha shingo hataki kula, na akachomwa moto begani kwa jembe lililopashwa mpaka likawa jekundu. Nilikuwapo. Nyama ilitoa mlio, Nyange akapona, na begani pakabaki kovu lililopinda kama mwezi mchanga, gumu, bila unywele. Nyasi zilipokwisha kwetu, baba alimpeleka kwa Ngassa.

Ilipofika zamu ya Ngassa kutaja, alisema, "Ninaye mmoja, mweupe. Nilimwacha mgonjwa." Akapanda baiskeli akaenda zake.

Aliporudi, kabla matanga hayajaisha, nyuma ya baiskeli kulikuwa na ngozi nyeupe imefungwa kwa kamba.

"Amekufa," akasema, akaitandaza mbele ya wazee.

Yule wa mtungi wa pombe akasema, "Kule kwenu karibu na mgodi ng'ombe hufa vizuri. Hufa mchana, karibu na bucha." Watu wakaguna. Ilijulikana kwamba wachimbaji wana njaa na wenye mabucha wanalipa. Ngassa akajibu kwamba yeye hana ubishi, ngozi ni hiyo, aijuaye aitazame.

Babu Luhende aliinama akainusa. Akaipapasa kuanzia shingoni. Kisha akasema, "Macho yangu mnayajua. Aliyemchunga ni nani?"

"Ni Kabula," mtu akasema.

"Kabula njoo, mjukuu wangu. Huyu ndiye?"

Nilikwenda. Nakumbuka jua lilivyopiga ngozi ile na nzi waliokuwa pembezoni. Nilitazama bega la kulia. Manyoya yalikuwa laini, yamelala yote upande mmoja. Nikatazama la kushoto, labda nimesahau upande. Laini. Nyuma yangu nilisikia mama ameacha kutwanga.

"Si yeye," nikasema. "Nyange ana alama ya moto. Huyu hana."

Wote wakamtazama Ngassa, na Ngassa akatazama baiskeli yake. Nilijiona nimefanya kazi ya mtu mzima. Nilikuwa nimemwokoa ng'ombe wa baba mikononi mwa mwizi.

Ndipo baba mdogo Masanja akaweka mpini chini, akaja akachuchumaa kando yangu. Akafunika bega la ngozi ile kwa kiganja chake, kiganja kikubwa chenye nyufa.

"Alama iko hapa," akasema. "Naigusa. Mtoto analia baba yake, macho yamejaa maji, haoni."

Sikuwa nalia. Macho yangu yalikuwa makavu kabisa.

Babu Luhende akanyoosha mkono. "Nionyeshe." Baba mdogo akamshika kiganja mzee yule, taratibu, kwa adabu, akakipeleka si begani bali chini zaidi, ubavuni, mahali ngozi ilipojikunja wakati wa kukauka na kufanya tuta gumu. Vidole vya mzee vikapita juu yake, vikarudi, vikapita tena.

"Haya," akasema Babu Luhende. "Amekufa. Masanja, chukua ngozi, wewe ndiye mdogo wake."

Mama akaanza tena kutwanga.

Sijui kama naweza kueleza kilichoingia kichwani mwangu siku ile. Kwanza nilijua kwamba baba mdogo na Ngassa ni wezi wa pamoja, na kwamba mama anajua na amenyamaza. Lakini baadaye, nikiwa peke yangu kwenye mawe nyuma ya nyumba, wazo lilikwenda mbali zaidi. Kama watu wazima wanaweza kutandaza ngozi wakasema huyu ni Nyange, na si Nyange, basi na lile furushi jeusi? Nani alinionyesha kilichokuwa ndani? Niliambiwa tu. Waliosema ndani yumo baba ni wale wale waliosema alama iko hapa. Nilirudi nikatazama udongo mpya zizini, ng'ombe wanaukanyaga, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikula nikashiba. Baba alikuwa mahali fulani. Nilikuwa na hakika kwamba yuko aliko Nyange.

Sikumwambia mtu. Niliwachunguza tu. Baba mdogo alipopita nilimsalimia, "Shikamoo baba," naye akaitikia, "Marahaba," akatazama pembeni, na kila alipotazama pembeni niliona ushahidi. Alipokuja kumletea mama michembe ya viazi vitamu, ya kula njiani, niliona ushahidi. Mama alipoipokea bila neno, niliona ushahidi mwingine.

Tuliondoka asubuhi, mama na jembe na vyungu, mdogo wangu mgongoni akiwa mwepesi kama kitambaa, mimi na kibuyu. Watu walituaga vizuri. Babu Luhende aliniwekea mkono kichwani akasema nikue nirudi. Tulitembea kupita mbuga nyeusi zilizopasuka, tukalala kwa watu, tukatembea tena. Mtoto alipolia, mama alimlowekea michembe kwenye maji akamwekea mdomoni, akatema. Mimi sikuchoka, maana njia ilipita kwa Ngassa. Mama alishangaa, akasema, "Leo una miguu ya nani?"

Kwa Ngassa tulifika jua likiwa juu. Kabla hatujapiga hodi nilimwona. Alikuwa amefungwa chini ya mti wa miiba, mweupe, anatafuna, na nilipokimbia akanyoosha shingo akatafuta mkono wangu kwa ulimi. Niligusa bega la kulia. Mwezi mchanga ulikuwa pale, mgumu, bila unywele.

Mke mkubwa wa Ngassa alitoka ndani akifuta mikono. "Karibu, mama Kabula. Ndiwe uliyeua ng'ombe akiwa hai?" Akacheka, mama naye akacheka, kicheko chake cha kwanza nilichosikia kwa muda mrefu, kikageuka katikati kikawa kingine. Mke yule hakungoja. Alileta kibuyu akamkamua Nyange pale pale, akamnywesha mdogo wangu kwa kijiko cha kifuu.

Mimi niliwaacha. Nilikwenda nyumba ya kwanza nikachungulia. Nikaenda ya pili. Nikazunguka ghala. Nikaingia banda la ndama. Watoto wa Ngassa wakanifuata wakiuliza natafuta nini, nikawasukuma. Mama alinikuta kwenye mlango wa nyumba ya mwisho, ile ya kuwekea majembe.

"Unatafuta nini, Kabula?"

"Baba."

Aliweka mkono kwenye kizingiti. "Nani kakwambia baba yako yuko hapa?"

"Nyange naye mlisema amekufa."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Akanivuta nikakaa.

"Nilikuwapo walipomkunja," akasema. "Unakikumbuka kidole chake cha mguu, kile kisicho na ukucha? Jiwe lilimwangukia huko mgodini."

Nilikikumbuka. Nilikuwa nakipaka mafuta.

"Nilikishika. Walipoanza kufunga kamba, miguu ndiyo ilikuwa ya mwisho, na mimi nilikishika kile kidole mpaka waliponiambia niachie. Ni yeye, mwanangu. Alama ilikuwapo."

Hapo ndipo nilipolia msiba wa baba yangu.

Ngassa alimpa mama kamba kesho yake, nasi tukaenda Uzinza na Nyange. Mdogo wangu alikua, ana wajukuu. Mpango wa ngozi, mama aliniambia baadaye, ulikuwa wa Ngassa na yeye, nyuma ya ghala. Ngozi ilikuwa ya ng'ombe mwingine mweupe, aliyechinjwa kwa ajili ya wachimbaji. Kuhusu baba mdogo, mama aliapa kwamba hawakumwambia kitu. Walimwogopa yeye kuliko hata Babu Luhende.

Hapo ndipo ninapokwama hadi leo. Jembe lile jekundu, siku Nyange alipochomwa, baba alikuwa ameshika pembe. Aliyeshika jembe ni baba mdogo Masanja. Alama ile aliiweka kwa mkono wake mwenyewe, asingeweza kuisahau wala kuitafuta ubavuni. Aliikosa mara tu ngozi ilipotandazwa, kabla yangu. Na mwanamke aliyetaka kuondoka na ng'ombe huyo alikuwa amemkataa mbele ya wanaume wote.

Ningependa kuandika kwamba alikuwa mtu mwema, nifunge. Lakini nimeahidi kusema yote. Miezi michache baadaye tulisikia kwamba zizini kwa baba mdogo kuna ndama mweupe, na hakuna aliyejua ametoka wapi. Nyange alikuwa amezaa kwa Ngassa kabla hatujamchukua, na ndama wake sikumwona. Nilipomwuliza mama alisema, "Ndama weupe wako wengi." Inawezekana ni kweli. Inawezekana Ngassa alimziba mdomo. Inawezekana Ngassa alimshukuru tu, na shukrani na hongo ukizitazama kwa mbali zina rangi moja. Nilipokuwa mtu mzima nilimtembelea baba mdogo mara nyingi, nikala ugali wake, nikamwangalia usoni. Hakuwahi kutaja. Nami nilingoja ataje yeye kwanza, yeye labda alingoja mimi, na sasa amekwenda nayo.

Ila ngozi ile hakuilalia, hakuiuza. Ngozi ya ng'ombe asiyemjua, juu ya moto wake, maisha yote. Mwizi angeiuza. Ndivyo ninavyojiambia, halafu najiuliza kama mwizi mwerevu asingeificha.

Nilipomaliza kunywa maji nilirudi ndani. Walikuwa wameifungua ikafunika sakafu, manyoya yamelika sehemu nyingi, yaliyobaki yamekuwa ya rangi ya chai. Ndugu wengine walikuwa wamekuja, pamoja na mzee wa ukoo aliyetumwa kusimamia ugawaji, mtu makini, anataka kila kitu kijulikane kimetoka wapi.

"Dada anaijua," Shija akasema. "Ni ya ng'ombe gani?"

Nilichuchumaa, magoti yakalia. Nikapapasa bega la kulia. Lilikuwa laini kama siku ile.

"Ni ya Nyange," nikasema, "ng'ombe wa baba yangu. Alifia kwa Ngassa."

Mzee yule akainama. "Una hakika gani?"

Nikafunika bega kwa kiganja changu. "Ana alama ya moto," nikamwambia. "Iko hapa. Naigusa."